PC inawaka ila skrini nyeusi baada ya kuongeza ramu na kadi ya grafiki

Muulizaji: Wakuu msaada jamani, nimeongeza ramu kutoka GB 8 mpaka 16 na nikaweka kadi ya grafiki, sasa nikiwasha feni zinazunguka, taa zipo, ila monita inasema hakuna signali na taa ya Caps Lock nikibonyeza haiitikii kabisa, tatizo nini?

Jibu 1: Waya wa monita umeuchomeka wapi? Kama bado uko kwenye madabodi hamishia kwenye kadi. Halafu angalia kama kadi ina tundu la umeme la pini 6 au 8, maana sloti ya PCIe (pale kadi inapochomekwa kwenye madabodi) inatoa wati 75 tu, zaidi ya hapo lazima ivute toka pawasaplai.

Jibu 2: Waya sawa, ila Caps Lock ikiwa imekufa hivyo mi nahisi ramu. Chomoa umeme, toa zote, rudisha kipande kimoja sloti ya pili toka kwenye prosesa, kandamiza mpaka kishikizo kilie "ka!". Kama ni DDR5 (kizazi cha ramu kilichofuata DDR4) usiwe na pupa, mara ya kwanza inaweza kukaa giza dakika kadhaa inajipima.

Muulizaji: Ni DDR4. Imewaka mkuu! Kila kipande peke yake kinakubali, vikiwa viwili giza.

Jibu 2: Basi havipatani hivyo. Ukiwa na kipande kimoja, ingia BIOS (mipangilio ya madabodi kabla Windows haijawaka) uzime XMP, yaani mpangilio wa kuongeza kasi ya ramu, kisha ujaribu tena vyote viwili, ikigoma tafuta pea iliyouzwa pamoja.