Kompresa ya skrubu inajizima kila mchana kwa joto, ning'oe thamostati?

Mdau wa Vingunguti
Wakuu, naomba msaada. Kompresa ya skrubu, 37 kW, bar 7. Asubuhi joto la kutoka kwenye kichwa (sehemu ya skrubu inayobana hewa) ni 86°C, saa nane mchana linafika 108, likigusa 110 mashine inajizima. Oili na filta yake vina saa 900 tu. Fundi anashauri tung'oe thamostati (vali inayofunguka oili ikipata moto na kuipeleka ikapoe) ili oili yote ipite kwenye rejeta. Ni sawa?

Hewa Kavu
Usiing'oe, mkuu. Kama ni nzima, kwa joto hilo imeshafunguka yote, hutapata kitu. Hasara utaiona asubuhi. Hewa ya Dar ya nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 75, ukiibana hadi bar 7, mvuke wake unaanza kuwa maji kwenye 68°C hivi. Oili ikipoa chini ya hapo maji yanabaki kwenye tangi, oili inakuwa kama chai ya maziwa, beringi za kichwa zinashika kutu.

Pima kwanza. Kichwa kikiwa 100, piga kipima joto cha bunduki kwenye bomba la oili linaloingia rejeta na linalotoka. Bandika tepu nyeusi hapo unapopima, maana chuma king'aacho kinadanganya kipimo. Bomba la kuingia likiwa la baridi, thamostati imekwama. Yote mawili ya moto na yamekaribiana, rejeta haipitishi upepo. Yakiachana sana, oili inapita kidogo: angalia kiwango na filta.

Mdau wa Vingunguti
Linaloingia 99, linalotoka 92. Chumbani 43, nje 33.

Fundi Mitambo
Basi una matatizo mawili. Rejeta imeziba, na upepo wa moto unaotoka humo unarudi kuvutwa tena. Nyuzi 10 juu ya nje ni nyingi mno. Tengeneza mfereji wa bati utoe upepo huo nje, na tundu la kuingizia liwe upande mwingine.

Kuosha: zima, kata umeme, toa presha yote. Nyunyiza sabuni ya kukata grisi, acha dakika 15, suuza kwa maji ya presha ndogo kutoka upande ambao upepo hutokea, si unakoingilia. Ukiosha kutoka mbele unasukumia uchafu ndani. Jeti kali inalaza mapezi (vibati vyembamba vya rejeta), na yakilala hayanyooki vizuri tena. Funika mota.

Hewa Kavu
Baada ya hapo anza daftari. Kila siku saa nane, mashine ikiwa kwenye mzigo (inabana hewa), andika joto la kutoka na la chumba, kisha toa la chumba kwenye la kutoka. Leo yako ni 108 kutoa 43, yaani 65. Namba hiyo ndiyo ya kufuatilia, kwa sababu joto la kutoka peke yake hupanda na kushuka na jua. Ikipanda nyuzi 8 juu ya ile ya siku ulipoosha, osha tena bila kungoja kengele. Ongeza safu ya tofauti ya presha kati ya kuingia na kutoka kwenye separeta (chujio linalotenganisha oili na hewa): ikikaribia bar 0.8, agiza mpya.