Miche yangu ya mnembwa inageuka njano kwenye ndoo, nimekosea wapi?

binti_Magu
Wakuu, habari za jioni. Niko Buhongwa, Mwanza, kiwanja changu ni mawe na udongo wa luseni, yaani wa kichanga. Naombeni ushauri kuhusu mnembwa. Wengine mnauita mtundwa au mpingi. Ni kile kichaka cha miiba chenye matunda mekundu ya madoadoa meupe. Ukilimung'unya tunda mdomo unakaza kwa ukali, halafu unatafuta lingine.

Kwa marehemu bibi, Magu, ulikuwepo mmoja pembeni ya ngitili, lile eneo la malisho linalotengwa. Alikuwa anatwanga kiini cha kokwa, anapata mafuta ya kupaka visigino vilivyopasuka. Ngitili ile imegawanywa na kulimwa, mnembwa ukaishia kuwa kuni. Iliniuma sana. Mwezi wa kwanza mwaka huu jirani yake bibi akanipa matunda kiganja kimoja, nikapanda kokwa, ikaota miche mitano.

Minne niliiweka kwenye ndoo za rangi za lita 20, kila mmoja na ndoo yake, udongo wa msituni na samadi iliyooza, na sikuruhusu hata unyasi mmoja uote humo. Wa tano ulikosa ndoo. Nikauchomeka kule kwenye mawe, chini ya kichaka cha mkwamba kilichojiotea chenyewe, sikuujali tena.

Ya kwenye ndoo ilikwenda vizuri kama miezi mitano. Kisha majani yakaanza kuwa njano, na mapya yanatoka madogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Nikaweka urea kidogo, hali ikazidi. Mmoja umeshakufa. Ule wa kwenye mawe, ambao sijaumwagilia hata kikombe, unakaribia goti na ni kijani kabisa. Nimekosea wapi? Nataka hata mmoja uzae hapa nyumbani, wanangu waujue.

Mlimaluseni
Pole dada. Huo ni mti wa mchanga na mawe, huenda mizizi inaoza. Toboa ndoo chini, punguza maji. Na urea acha kabisa.

binti_Magu
Asante kaka. Matundu yapo sita kila ndoo, maji hayatuami. Urea nimeacha.

kitalu_Nyegezi
Dada, jibu umeshaliandika mwenyewe bila kujua. Soma tena pale uliposema hukuruhusu hata unyasi mmoja uote ndani ya ndoo.

Mnembwa (kitaalamu Ximenia caffra) ni kimelea nusu. Majani yake ni ya kijani, chakula chake unajipikia kwenye jua, lakini mizizi yake hushika mizizi ya mimea jirani na kunyonya maji na madini. Kirukia hunywa kwenye tawi la mwembe. Huu hunywa chini ya ardhi, kama lile gugu la kiduha kwenye mtama, ila wenyewe hauchagui sana wa kumshika. Ni ndugu wa mbali wa msandali, nao una tabia hiyo hiyo.

Ndiyo maana mwanzo ilikwenda vizuri. Kokwa yake ni kubwa na imejaa mafuta, akiba hiyo hulea mche miezi kadhaa. Ikiisha, mche unatafuta wa kumshika, na kwenye ndoo yako hakuna mtu. Ule wa tano ulipata mkwamba.

Kama huniamini, fukua taratibu kwa kijiti, upande mmoja tu, kati ya mche wa tano na mkwamba. Angalia mahali mizizi miyembamba inapokutana, kisha rudisha udongo mara moja.

Kuhusu mitatu iliyobaki: mimi huotesha mbaazi kwenye kiriba (mfuko wa miche) kile kile, mbegu mbili, sentimita 10 hivi kutoka kwenye mche. Mbaazi ikiufunika, ikate kichwa, usiing'oe. Mvua za vuli zikishika, pasua ndoo ubavuni, utoe udongo wote bila kuuvunja, upande karibu na kichaka cha kudumu. Mbaazi haitaishi miaka mingi, mkwamba utabaki.

mamaIgoma
Jamani, mimi nina mwembe mkubwa na bustani ya nyanya. Nikipanda mnembwa hautaniulia vitu?

kitalu_Nyegezi
Mama, mwembe mkubwa hauna shida, unyonyaji wenyewe ni mdogo ukilinganisha na mizizi yake. Nyanya na miche michanga ya michungwa weka mbali. Mahali pake ni kwenye uzio, na kwa miiba ile hata mbuzi wa jirani atafikiri mara mbili.

MzeeMisungwi
Wanangu, hapo kwa mbuzi naongezea. Majani machanga ya mnembwa yanaweza kuwa na sumu, msiyakate kuwapa mifugo. Na kile kiini cha kokwa watoto wasikitafune. Mafuta ni ya kupaka ngozi na kulainishia ngozi ya ng'ombe, ndivyo tulivyoyakuta. Tunda lenyewe liliwe likiwa limeiva mpaka limelainika, kabla ya hapo ukali unazidi.

Kokwa zipandwe mbichi, ndani ya wiki chache tangu tunda liive. Zikikaa ghalani msimu mzima hupati kitu. Na zikiota, kokwa hubaki chini ya udongo. Vijana wengi wanadhani imeoza, wanaing'oa, na mche unakufa hapo hapo.

Binti, bibi yako aliuacha pembeni ya ngitili kwa sababu pale ulikuwa na wenzake. Umenifurahisha kuutafuta.

binti_Magu
Shikamoo mzee, asante sana. Kitalu, nimefukua leo asubuhi. Mzizi wa mnembwa umepita juu ya mzizi wa mkwamba, na pale walipokutana kuna kinundu cheupe, ukubwa wa punje ya mtama, kimeuganda. Nimejaribu kukigusa na kijiti, hakibanduki. Nimewaita wanangu wakaona. Nimeshapanda mbaazi kwenye ndoo zote tatu.

binti_Magu
Wakuu, narudi na mrejesho, leo ni wiki ya nane. Mbaazi zimefika kiunoni, nimezikata vichwa mara moja. Ndoo ya kwanza: mche umetoa majani mapya manne, mapana, kijani. Ya pili: mawili. Ya tatu umekauka, nimechelewa. Jumamosi mvua ikinyesha naihamishia hii miwili kule kwenye mawe. Kitalu, kati ya mche na mkwamba niache nafasi kiasi gani?

kitalu_Nyegezi
Nusu hatua inatosha. Upande wa mteremko, ili maji ya mvua yaupitie.