Land Rover 110 yenye injini ya 1HZ inachemsha: rejeta mpya au feni za umeme?

Pikapu110
Ndugu zangu, pikapu yangu ya Land Rover 110 tumeifungia injini ya Toyota 1HZ, na sasa inachemsha. Fundi mmoja anataka nitengenezeshe rejeta ya shaba yenye safu nne za mirija. Mwingine anasema nifunge feni mbili za umeme. Fedha inatosha jambo moja, na Jumatatu ninatakiwa kutoa jibu.

Spana14
Inachemshia wapi, mlimani au kwenye lami ukiwa kasi? Feni inayozungushwa na injini ipo? Rejeta ni ya gari gani? Bila hayo tutakisia kwa fedha yako.

Pikapu110
Samahani. Inachemsha ninapopanda kutoka Mto wa Mbu nikiwa na mzigo, gia ya pili. Barabara ya tambarare kutoka Makuyuni haina shida. Rejeta ni ileile ya Land Rover. Feni ya injini tuliitoa, kwa kuwa 1HZ ina silinda sita kwa mstari mmoja na urefu wake uliifikisha feni karibu kugusa rejeta. Tumeweka feni moja ya umeme, haina kava ya kuelekeza hewa.

FundiMstaafu
Gari linalotulia kwenye kasi na kuchemsha mlimani limekosa upepo, si rejeta. Feni isiyo na kava huvuta hewa kupitia kile kiduara kilicho mbele yake tu, na sehemu kubwa ya rejeta hukaa bure. Sogeza rejeta mbele, rudisha feni ya injini yenye klachi, ile inayoshika feni ikipata joto, izungushie kava. Feni ya umeme siiamini kwa injini ya lita 4.2.

MamaCanter
Shikamoo mzee wangu, lakini hapo sikubaliani nawe. Mlimani kwa gia ndogo mzunguko wa injini ukishuka, feni yake nayo hupungua, ilhali ya umeme huvuta vilevile. Muhimu ni kava na alteneta, inayozalisha umeme wa gari, yenye nguvu ya kutosha.

NjiaYaKaratu
Kabla ya yote, kagua mfuniko wa rejeta, ndio unaoshikilia shinikizo la maji. Kwenye kingo za kreta ya Ngorongoro, mita kama 2,300, maji yasiyo na shinikizo huchemka karibu nyuzi 92, kwa hiyo mfuniko uliochoka peke yake unatosha kukuaibisha. Mimi nilipokuwa ninapanda huko, mshale wa geji ulipanda, kisha ukashuka wenyewe, nikamshukuru Mungu na kuendelea. Kumbe mpira wa chini wa rejeta ulikuwa umepasuka, maji yameisha, na kihisi kimebaki hewani. Tulipofungua boneti, mwenzangu alimimina ndoo nzima ya maji baridi. Tukasikia mlio mmoja mkavu, na silinda hedi ikawa imepasuka.

Spana14
Pole sana. Na wewe Pikapu110, asikudanganye mtu ung'oe thamostati, ile vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto. Katika injini yenye njia ya mchepuko, ukiing'oa njia hiyo hubaki wazi na sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

FundiMstaafu
Hilo ni kweli. Ila mzunguko wa injini mlimani ni kazi ya dereva kuchagua gia, Mama.

Pikapu110
Nimepima: kati ya pampu ya maji, ambako feni ya injini hufungwa, na rejeta kuna sentimita 6 tu, na mpira wa mfuniko umechanika. Nimenunua mwingine. Jumapili nitapanda na mzigo uleule kabla ya kumjibu fundi.

MamaCanter
Sentimita 6, na kava juu yake? Mzee, feni yako ya klachi itakaa wapi?