Gharama za pembeni za kujenga Dar: ukitoa tofali, saruji na fundi, kingine nini?

Mjenzi_Chanika: Wakuu habarini. Nina kiwanja changu Chanika, nataka kuanza msingi wa vyumba vitatu. Fundi kanipigia hesabu ya vifaa na ufundi mpaka kupaua nikaona naweza. Sasa jirani ananitisha eti kuna hela nyingi za serikali nje ya hapo. Ni zipi hizo na zinalipwa wapi?

Babu_Lenta: Mkuu nyingine ushaanza kuzilipa bila kujua. Ule mfuko wa saruji wa kilo 50, tangu Julai 2023 una ushuru wa shilingi 20 kwa kilo, yaani buku zima kila mfuko, halafu VAT ya asilimia 18 inapigwa juu yake. Nyumba ikila mifuko 300 hapo laki tatu ya ushuru tu imeenda, bado VAT, na bati, nondo na rangi nazo zina VAT yake. Fundi hawezi kukuandikia hiyo maana imo ndani ya bei ya dukani.

dada_wa_goba: Aanze na karatasi kwanza jamani. Hicho kiwanja kimepimwa? Kina bikoni (yale mawe ya mipaka)? Kama ni kile cha kuandikishiana kwa mwenyekiti wa mtaa basi jiandae na hela ya mpimaji, mchoro wa mipango miji, ada za hati, na ukishapata hati kuna kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Kibali cha ujenzi kinatoka halmashauri na kabla ya kibali wanataka ramani iliyochorwa na mtu anayetambulika, sio ile ya kudownload, huyo mchoraji nae anataka chake na mara nyingi ndio anazidi ada yenyewe ya kibali. Watu wanaruka hiyo wanakuja kupigwa X nyekundu boma likiwa kwenye lenta. Na kila unachoambiwa ulipe omba kontroo namba (ile namba ya malipo ya serikali), asiyekupa kontroo namba hiyo hela ni ya mfuko wake.

Mjenzi_Chanika: Asante dada. Kimepimwa ila hati bado. Na ile asilimia kumi ya serikali ya mtaa ni lazima?

dada_wa_goba: Hiyo ni ya kwenye mauziano na ushanunua tayari, achana nayo. Wakikufuata sasa hivi waambie wakuonyeshe sheria wakupe na risiti, utaona wanavyopotea.

fundi_umeme_tz: Mmesahau umeme. Bei za kuunganishiwa umeme mjini ni tangu Januari 2022, nyumba ikiwa ndani ya mita 30 toka kwenye nguzo ni 320,960, ukihitaji nguzo moja 515,618, nguzo mbili 696,670. Vijijini 27,000. Kwahiyo ulizia mtaa wako umehesabiwa mji au kijiji, maana huko pembezoni watu wanatofautiana mtaa na mtaa. Na pima umbali kabla hujaweka msingi, kuna mteja wangu kajenga nyuma kabisa ya kiwanja apate uwanja wa mbele, zile mita za uwanja zikamuongezea nguzo. Hapo wiring sijaisema, wala bomba la maji au kisima.

Mkenya_Jirani: Kumbe huko mnalia na saruji, huku Kenya ukinunua ploti ya mjini ushuru wa stempu ni asilimia 4, mashambani 2, hujagusa hata jembe.

Babu_Lenta: Huku stempu ni asilimia 1 ila muuzaji anakatwa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, na nyie mnajua anavyoirudisha kwenye bei 😂. Mjenzi ukishahamia kuna kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, nyumba ya kawaida 1,500 kwa mwezi, usije ukadhani umeibiwa umeme.

Mjenzi_Chanika: Nguzo iko kama mita 60. Kesho naenda halmashauri kuulizia kibali, msingi utasubiri.

fundi_umeme_tz: Mita 60 hiyo ni nguzo moja mkuu, ukisogeza nyumba mbele ukaingia ndani ya 30 umeokoa karibu laki mbili. Muonyeshe mchoraji wa ramani kabla hajamaliza.