Mtoto kapigwa waya, ofisi ikaniambia "mlete". Usiku alale wapi?

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, nikirukaruka mnivumilie.

Mtaani kwetu kulikuwa na binti wa miaka 11. Shangazi yake alimtoa kijijini mwaka jana kwa ahadi kwamba anakuja kusoma. Darasani hajakanyaga hata siku moja. Alfajiri yuko bombani na ndoo, mchana anatembeza maandazi stendi, usiku anabembeleza mtoto wa shangazi. Majirani wote tunajua, na wengi wameshanionya kwamba najitafutia matatizo. Jumatano ya wiki mbili zilizopita alichapwa na waya wa umeme mpaka mgongo ukachanika. Alikimbilia kwangu saa nne usiku, kajifunga kanga tu.

Usiku uleule nikamgongea mwenyekiti wa mtaa. Akanijibu dirishani: "Mama, hayo ni ya kifamilia, kaeni myamalize." Nikamuuliza kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya mtaa iko wapi, maana yeye ndiye aliyetutangazia majina ya wajumbe kwenye mkutano. Akasema kamati haijakaa tangu mradi uliokuwa unalipa posho ulipoisha.

Asubuhi nikaenda ofisi ya kata. Kata yetu haina afisa ustawi wa jamii. Yupo mmoja anayegawana kata tatu, na siku hiyo alikuwa kwenye semina. Nikapewa namba yake. Hakuwa mkali, alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka: "Dada, sina usafiri. Mlete huku." Daladala mbili kwenda, mbili kurudi, na mtoto ambaye hawezi kuegemea kiti. Polisi, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto alitupokea vizuri, hilo lazima niliseme. Akaandika maelezo bila kumtisha mtoto, akatoa PF3, ile fomu ya polisi ya kutibiwa. Hospitali nikanunua dawa kwa hela niliyopewa na watu ya vitenge vyao.

Jioni ikafika na swali ambalo hakuna ofisi iliyokuwa na jibu lake: huyu mtoto analala wapi? Makao ya watoto ya karibu yamejaa. Walezi wa kuaminika, zile familia zinazoandaliwa kupokea mtoto kwa dharura, kwetu hawapo. Afisa ustawi akanipigia: "Dada, kaa naye siku mbili tatu, tunafuatilia." Nikakaa naye. Hakuna barua, hakuna muhuri, hata kikaratasi chenye sahihi hakuna.

Siku ya nne shangazi akaja na wanaume wawili, mwenyekiti yuleyule akiwa mbele yao. Wakasema nimeiba mtoto wao. Ningewaonyesha nini? Wakamchukua. Mtoto hakulia, alinitazama tu akivaa ndala zake. Kesho yake nikasikia kapandishwa basi kurudishwa kijijini. Sasa polisi wananiambia jalada limekwama, shahidi mkuu hayupo.

Nimeitafuta Sheria ya Mtoto ya 2009 nikaisoma. Kifungu cha 94 kinaipa halmashauri jukumu la kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto aliye kwenye eneo lake. Kifungu cha 95 kinanitaka mimi mwananchi nitoe taarifa nikiona haki za mtoto zinavunjwa. Mimi cha kwangu nimekitimiza. Halmashauri imetimiza kipi?

Msije mkaniambia serikali haijui ukubwa wa tatizo. Utafiti wa kitaifa wa 2009, uliotolewa 2011, ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na wavulana karibu mmoja kati ya 7. Ukaja mpango wa MTAKUWWA, ule wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, kuanzia 2017/18, lengo kupunguza ukatili kwa nusu ifikapo 2022, kamati kuanzia taifa hadi kijiji na mtaa. Januari 2022 maendeleo ya jamii yakatolewa Wizara ya Afya, ikaundwa wizara yake. Nilifurahi kwa dhati, nikasema sasa watoto wamepata mwenyewe. Kumbe mabadiliko yalifanyika juu, huku chini mambo yamebaki vilevile. Sera na miongozo inatoka wizarani, lakini afisa ustawi ni wa halmashauri, na halmashauri ziko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Nilipopeleka malalamiko ngazi za juu, mlango mmoja ulinielekeza mwingine, na ule mwingine ukanirudisha nilikotoka.

Hasira zangu si za yule afisa. Mtu mmoja, kata tatu, bila pikipiki, bila hela ya vocha, afanye nini? Hasira zangu ni za wanaokaa kupanga bajeti wakaona semina zinafaa kulipiwa na mafuta ya kumfikia mtoto usiku hayafai. Leteni afisa ustawi kila kata, mpeni pikipiki na fungu la dharura. Aweze kuandika barua ya muda usiku huohuo, kwamba mtoto huyu yuko kwa fulani kwa idhini ya serikali. Ningekuwa na barua hiyo, wale wanaume wasingevuka kizingiti changu.

Na kinachoninyima usingizi ni huko kijijini. Ana miaka 11. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana kuolewa na miaka 15 mzazi akiridhia, na mahakama inaweza kuruhusu hata wa 14. Mahakama Kuu ilisema 2016 kwamba vifungu hivyo, vya 13 na 17, vinapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019, na serikali ilipewa mwaka mmoja kurekebisha. 2023 ilifika vifungu vikiwa palepale. Mtoto asiye shule, asiye na wa kumuulizia, miaka mitatu ni kesho.

Leo asubuhi nimepiga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure mitandao yote. Wamechukua maelezo na jina la kijiji. Kama kuna afisa ustawi, mwalimu au mtendaji humu anayefanya kazi vijijini, naomba anielekeze: huyu mtoto akiwa wilaya nyingine, nani mwenye mamlaka ya kwenda kumwona, na nianzie kwa nani ili jalada lake lisifungwe? Ndala zake alivaa, lakini dawa za mgongo zimebaki kwangu, na dozi ilikuwa ya siku saba.