Rekodi ya laivu isafishwe, au iachwe na kelele zake?

Wakuu, leteni hoja. Siku hizi kuna programu za kufuta kikohozi, chupa na muungurumo wa feni kwenye rekodi za zamani. Je, tuzitumie hata kwenye shoo ndogo za mtu na gitaa lake? Mimi napinga.

Chukua Townes Van Zandt, mtunzi na mwimbaji wa folk (nyimbo za masimulizi, mara nyingi kwa gitaa lisilo la umeme) wa Marekani. Julai 1973 alirekodiwa Old Quarter, baa ndogo ya Houston, Texas: watu wamebanana, joto kali, kiyoyozi hakifanyi kazi. Albamu ikatoka 1977, na ndani yake kuna gitaa, sauti, vichekesho kati ya nyimbo, na chupa zikigongana. Basi. Studio walikuwa wakimrundikia vyombo, hadi 1969 akazirekodi upya baadhi ya nyimbo za albamu yake ya 1968, safari hii kwa vyombo vichache. Sikiliza "Pancho and Lefty" ya baa, halafu ile ya studio ya 1972, uniambie ipi inakushika.

— Mkuu, hapo sikubaliani nawe. Aliyekuwa ukumbini sikio lake lilichuja lenyewe. Macho kwa mwimbaji, chupa hata hakuisikia. Maikrofoni inazoa kila kitu. Mimi nasikiliza kwa visikilizio, mtu akikohoa ni kama kanikoholea mimi. Ukisafisha, unanirudishia kile alichosikia yule wa mbele.

— Huku kwetu msanii analipwa aimbe laivu, anawekewa CD anafungua mdomo tu. Tuanze na hilo kwanza!

— Kaka, hilo nalo lina uzi wake. Swali langu ni hili: nani aliulizwa? Van Zandt alifariki 1997. Mwimbaji akiwa hai aamue mwenyewe. Akishafariki, mkanda usiguswe. Wanaotaka safi wapewe nakala ya pili, na jalada liseme wazi kwamba imesafishwa.

Dada, hiyo ya jalada naichukua bila ubishi. Ila ndugu yetu wa visikilizio hajaniambia nani atakayeamua kelele ni ipi. Manchester, 17 Mei 1966, Bob Dylan, naye mwimbaji wa folk wa Marekani, kapanda na bendi na magitaa ya umeme, mashabiki wa folk wamekasirika, wanaona kawasaliti. Mmoja akapaza sauti: "Judas!", yaani Yuda, msaliti. Dylan akamjibu papo hapo, kisha wakapiga wimbo kwa nguvu zote. Rekodi ilitolewa rasmi 1998, na kelele ile ile ndiyo sehemu yake maarufu. Programu ingeiona ni mtu anayeharibu wimbo, ikaifuta.

Mvumo wa mkanda ufute, sina ugomvi. Huo ni wa mashine. Waliokuwa ukumbini waache.

— Na simu ikiita katikati ya wimbo, nayo tuiache?