Tupeane uzoefu: ndege wa uani wamekufunza nini kuhusu Mungu na malezi?

Mama Veranda, Nakuru

Hamjambo wapendwa. Hapa kwetu Section 58 mbayuwayu wamejenga chini ya mabati ya veranda, na tangu makinda waanguliwe nawatazama kila nikikaa kuchambua mboga. Baba na mama wote wanalisha. Mmoja akifika na wadudu, midomo inafunguka yote kwa pamoja. Kinda akishameza, hugeuka na kuinua mkia, kinatoka kinyesi kilichofungika ndani ya kifuko cheupe. Mzazi anakidaka kwa mdomo na kuruka nacho mpaka ng'ambo ya ua, kiota kibaki safi. Kisha anarudi na wadudu wengine.

Mathayo 6:26 husomwa sana mtu akiwa hana kitu, kwamba Baba wa mbinguni huwalisha ndege. Naamini hivyo. Lakini kwa kinda, mkono wa Mungu ni huyu mzazi asiyetulia tangu kupambazuke mpaka giza liingie. Mume wangu ni dereva wa matatu: huondoka watoto wamelala, hurudi wamelala. Siku hizi nikiombea riziki ya nyumba hii, namtaja kwa jina.

Semeni nanyi. Mmeona nini, na kimewagusa wapi?

Fundi wa Nyalenda, Kisumu

Kwangu ni kwera, wale wa manjano wenye kichwa cheusi. Mjenzi ni dume. Anachana ukanda mwembamba wa jani bichi, anafunga pete kwenye tawi, anasimama ndani ya ile pete na kusuka kujizunguka hadi mdomo unapofika. Mlango anauacha chini. Akimaliza ananing'inia hapo akipigapiga mabawa, anaita jike. Jike huingia, huvuta nyuzi kwa mdomo kuzipima, na asiporidhika huenda zake. Kiota kikikaa mpaka kikauke bila mwenyewe, dume hukifumua na kuanza kingine kwa majani mabichi.

Mimi na mke wangu tulikaa miaka mingi bila mtoto. Nilipojenga nyumba niliweka chumba cha mtoto, majirani wakauliza ni cha nani. Nilikuwa nikiwatazama hawa kwera jioni nikitoka kazini na kupata nguvu. Kumwandalia mtoto mahali kabla hajaonekana, hiyo nayo ni dua. Leo chumba kina mwenyewe, na kelele zake zinafika barabarani!

Dada wa Milimani, Nakuru

Hua. Baba na mama wote wawili hutoa maziwa kutoka kwenye kifuko cha kooni, wakawalisha makinda. Baba pia! Nilimwonyesha shemeji yangu, tangu hapo hasemi tena kwamba kulisha mtoto ni kazi ya mama.

Mzee wa Mumias

Assalamu alaykum. Mjukuu wangu alileta makinda ya shore ndani ya kopo, mama yao akamfuata mpaka mlangoni akilia. Nilimsimulia ile hadithi iliyomo katika kitabu cha hadithi za Mtume cha Abu Daud: masahaba walichukua makinda ya ndege mmoja, mama yao akawa anarukaruka kwa uchungu, na Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemhuzunisha kwa ajili ya wanawe, akaamuru warudishwe. Tukapanda ngazi pamoja, tukawarudisha. Watu husema ukimshika kinda mama humkataa, lakini si kweli. Alirudi tukiwa bado tunaondoa ngazi. Ndugu Wakristo, kwenye Torati yenu Kumbukumbu 22:6 inakaribia sana hapo: usimchukue mama pamoja na makinda.

Mwalimu, Kakamega

Nawashukuru, ila mbona tunasimulia matamu tu? Kuna kekeo wa kijani kinachong'aa, ambaye hutaga ndani ya kiota cha kwera akaondoka. Kinda wake akianguliwa huyasukuma nje mayai ya mwenye nyumba, na kwera anamlisha asiye wake, anayezidi kukua. Hapo Mungu ananifundisha nini? Nauliza kwa moyo wangu wote, maana nimefiwa na mtoto.

Nyanya wa Bungoma

Mwalimu, pole sana mwanangu. Sina jibu la hayo mayai wala la mtoto wako, na sitakutungia. Naweza kusema habari ya kulisha tu. Nimelea watoto wa marehemu binti yangu, na mwingine ambaye si wa damu yetu, aliachwa na mpangaji. Watu waliniambia ninalisha mdomo wa wengine. Nilimlisha kwa sababu alikuwa na njaa na alikuwa nyumbani mwangu. Kwera wako ninamwelewa. Ukiweza, tuandikie jina la mtoto wako, tumtaje kwenye jumuiya Jumapili.

Mwalimu, Kakamega

Asante, mama. Nitakuandikia faraghani.

Mama Veranda, Nakuru

Tuko nawe, Mwalimu. Wengine endeleeni. Na walio na viota chini ya mabati: Desemba ikikaribia tunapopaka rangi nyumba, tafadhali ngojeni makinda waruke kwanza.